Leseni ya Ndugu Wawili wa Elvstad

Mchungaji wetu, majirani wa Elvstad na wa Braddon, madereva wa zamani mliokuja na wake zenu, na ninyi nyote mliopambana na theluji tangu asubuhi ili mfike hapa, familia ya Tveit inawashukuru, na inaomba dakika chache isimulie maisha ya Delmar Anders Tveit, tangu alipozaliwa hadi Jumatatu iliyopita alipofumba macho, kwa utaratibu, bila kuficha na bila kupamba, maana yeye mwenyewe hakupenda maneno ya ziada. Anayesoma ni Marit, binti wa Orlin, mdogo wake Delmar, na kwa hiyo marehemu alikuwa baba yake mkubwa.

Delmar alizaliwa tarehe 11 Februari 1922, katika shamba lililo maili nne kaskazini ya mji huu wa Elvstad, akiwa mtoto wa kwanza wa Anders Tveit na mkewe Gunhild, na miaka minne baadaye, tarehe 30 Mei 1926, akazaliwa Orlin, ambaye alikuwa ndugu yake wa pekee, na ndugu hao wawili wakalala katika chumba kimoja cha juu, kitanda kimoja wakati wa baridi na vitanda viwili wakati wa joto, kwa miaka kumi na sita. Gunhild alikuwa akisema kwamba Orlin aliongea kwa niaba ya wote wawili, na Delmar alinyamaza kwa niaba ya wote wawili, na nyumba ikawa na uwiano.

Alianza masomo Septemba 1928 katika shule ya chumba kimoja, mwalimu mmoja na wanafunzi kumi na tisa, akamaliza darasa la nane mwezi Mei 1936, na ripoti yake ya mwisho, ambayo familia inayo, inaonyesha kwamba alifanya vizuri sana katika hesabu na jiografia, na mwalimu ameandika pembeni kwa penseli kwamba kijana huyu anaweza kuchora barabara yote ya kwenda Fargo pamoja na madaraja yake bila kutazama ramani, lakini hanyooshi mkono darasani hata anapolijua jibu. Hakuendelea na masomo, kwa sababu baba yake alihitaji dereva wa pili.

Mwaka 1931 Anders alikuwa amenunua lori kuukuu, akawa anabeba madebe ya krimu na makreti ya mayai kwenda Fargo, katika jimbo jirani, na kurudi na chumvi, misumari, mbegu na viatu vya watu. Watoto walioketi hapa mbele wanaweza kuuliza leseni tutakayoitaja leo ilikuwa kitu gani, na jibu lake si gumu. Mwaka 1935 serikali ilitunga sheria kwamba hakuna mtu atakayebeba mizigo kwa malipo kutoka jimbo moja hadi jingine bila karatasi kutoka Washington, na karatasi hiyo ilitaja mji unapoanzia, mji unapoishia, barabara utakayopita, na mizigo utakayobeba. Waliokuwa tayari barabarani walipewa karatasi hiyo bure, na Anders akapata yake mwezi Aprili 1937, Elvstad hadi Fargo, kwenda na kurudi, akaiwekea fremu. Mtu mpya akitaka kupita njia hiyohiyo alipaswa kuomba, kikao kikaitwa, na wenye leseni walikuwa na haki ya kusimama na kupinga. Kupinga hakukuwa chuki, kulikuwa sehemu ya kazi, kama kubadilisha oili, na wenye malori wa nchi hii walipingana asubuhi, na mchana wakala mkate wa tufaha meza moja.

Tarehe 3 Septemba 1942 Delmar aliingia jeshini, akawa dereva wa malori ya jeshi kule Italia, akarudi Novemba 1945 akiwa mzima, na alipoulizwa vita vilikuwaje alisema barabara zilikuwa mbaya. Tarehe 12 Juni 1948, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Arlys Bergan, binti wa fundi viatu, mwanamke aliyecheka kwa sauti, na wengi wenu mnamkumbuka. Mtoto wao wa pekee, Paul, alizaliwa tarehe 6 Machi 1952, akaishi siku mbili. Hawakupata mwingine, na kitanda kidogo ambacho Delmar alikitengeneza kwa mikono yake alikipeleka kwa Orlin, mwaka uliofuata, Marit alipozaliwa, akakiweka barazani bila kubisha hodi.

Anders alifariki tarehe 20 Oktoba 1950 na kuwaachia wanawe wawili leseni ile, nusu kwa nusu, na wakaendesha kazi pamoja kwa miaka minane na nusu, hadi Orlin alipotaka kulima. Tarehe 2 Aprili 1959, mezani jikoni kwa mama yao, Orlin alimuuzia Delmar nusu yake kwa dola elfu nane, wakaandika mkataba wenyewe kwa mkono, nakala mbili, shahidi akiwa mchungaji wa wakati huo, kila mmoja akakunja nakala yake na kuitia mfukoni. Hapa kwetu hivyo ndivyo ilivyotosha. Orlin akanunua shamba, mvua ya mawe ikapiga mwaka 1960, ikapiga tena mwaka 1961, shamba likarudi benki, na mwaka 1962, akiwa na mke, mtoto na lori moja la mkopo, aliandika maombi Washington apewe leseni yake mwenyewe ya kubeba mbegu na chakula cha mifugo, Elvstad hadi Fargo.

Delmar alipinga. Familia imefikiri kama jambo hili lisomwe kanisani, na imeona lisomwe, kwa kuwa hakuna kati yenu asiyelijua, na maisha yake hayaeleweki bila hilo. Kikao kilifanyika Jumatano, tarehe 17 Oktoba 1962, katika chumba cha hoteli huko Fargo, na Delmar akala kiapo, akasema kwamba malori aliyonayo yanaitosha njia ile, kwamba hakuna mteja anayelalamika, na kwamba wakiwa wawili wote watakufa njaa, na kwa jinsi biashara ilivyokuwa mwaka huo, hayo yote yalikuwa kweli. Kisha wakili akamuuliza, kwa utaratibu wa kawaida, "Bwana Tveit, mwombaji huyu unamfahamu?" Delmar akajibu, "Namfahamu." Wakili akauliza, "Unamfahamu vipi?" na Delmar, ambaye hakujua kusema zaidi ya alichoulizwa, akajibu, "Aliwahi kuniuzia nusu ya leseni." Orlin akasema kutoka benchi la nyuma, "Na nusu ya blanketi, miaka kumi na sita," watu wakacheka, hata mwenyekiti wa kikao akacheka, lakini Orlin mwenyewe hakucheka.

Garini wakati wa kurudi, Arlys alimwambia, "Ungesema tu ni mdogo wako." Delmar akasema, "Hawakuuliza undugu. Waliuliza ninamfahamu vipi." Arlys akamwambia, "Delmar, si ndivyo unavyomfahamu?" Walipofika nyumbani Delmar alitoa nakala yake ya mkataba wa 1959, kwa sababu hakutaka kuiona sahihi ya Orlin kila anapofungua droo, akaenda nayo kwa mama yake, akaitia kwenye jiko lake la kuni. Alikuwa mtu wa kutunza hata risiti ya mshumaa, na hiyo ndiyo karatasi pekee ya kazi ambayo aliwahi kuichoma.

Maombi ya Orlin yalikataliwa mwezi Februari 1963. Alihamia Braddon, maili thelathini na moja kutoka hapa, akapata kazi katika ghala la nafaka, na kwa miaka kumi na tisa ndugu hao hawakusemezana. Mama yao alipofariki mwaka 1969 walibeba jeneza, mmoja kulia na mmoja kushoto, hatua kwa hatua, hawakutazamana. Arlys alipofariki kwa saratani, tarehe 3 Novemba 1974, Orlin alikuja na mkewe Verna, akampa Delmar mkono bila kuvua glavu, akaondoka kabla ya kahawa. Baada ya hapo Delmar alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitano, akitumia viwili, na ofisini leseni ilikuwa ukutani, na mwaka hadi mwaka ilipanda thamani, hata benki ikaikubali kama dhamana, na mwaka 1977 kampuni moja kubwa ilitaka kuinunua kwa dola elfu tisini. Alikataa. Dereva wake wa siku nyingi, Wendell Aasen, alimwambia, "Mzee, uza, uende ukaone bahari." Delmar akamjibu, "Bahari niliiona jeshini. Ni kubwa." Wendell anasema leo kwamba hakuielewa sababu wakati ule, na kwamba sasa anadhani mzee alishindwa kuuza kitu ambacho bei yake halisi hakuna kampuni iliyoijua.

Tarehe 1 Julai 1980 sheria mpya ilitiwa sahihi, na kwa maneno rahisi ilisema kwamba tangu siku hiyo karibu kila anayetaka kubeba mizigo atapewa leseni akiomba. Leseni ya Delmar haikufutwa, iliendelea kumruhusu kupita njia yake, ila sasa haikumzuia mwingine yeyote, na mwezi Septemba kulikuwa na malori ya kampuni nne kwenye barabara ambayo alimnyima mdogo wake. Benki ikaandika barua kwamba karatasi ile haihesabiki tena kuwa dhamana. Wendell alimkuta ofisini akiwa amesimama mbele ya fremu, mikono mfukoni, na Delmar akamuuliza, bila kugeuka, "Orlin akiomba leo, wangempa?" Wendell akasema, "Wangempa kwa posta, mzee. Hata kikao wasingeita."

Majira ya kuchipua ya 1981, kwenye ritani yake ya kodi, Delmar aliandika leseni kuwa hasara, na watu wa kodi wakamjibu kwa adabu kwamba hasara hukubaliwa kitu kikifa kabisa, na leseni yake haijafa, bado inamruhusu kubeba mizigo, kilichokufa ni kule kuwa peke yake barabarani, na hicho hakitolewi kwenye kodi. Alimsomea barua hiyo mhasibu wake, Bwana Norbert Weyer, ambaye yuko nasi hapa, mstari wa tatu, akasema, "Wanasema ng'ombe yuko hai, maziwa tu ndiyo yamekwisha." Lakini mwezi Agosti mwaka huohuo bunge lilitunga sheria nyingine kwa ajili ya watu kama yeye, kwamba aliyekuwa na leseni ya namna hiyo tarehe 1 Julai 1980 anaweza kuchukua bei aliyoinunulia, akaigawa kwa miezi sitini kuanzia mwezi huo, na kila mwaka akalitoa fungu lake kwenye mapato yanayotozwa kodi.

Bwana Weyer alimwita akamweleza. "Nusu uliyorithi haina kitu," alisema, "baba yako aliipata bure, na kwenye orodha ya urithi hamkuiandikia hata senti. Mtu hapunguziwi kodi kwa kitu ambacho hakikugharimu. Lakini ile nusu nyingine uliinunua." Delmar akasema, "Niliinunua." Bwana Weyer akasema, "Basi nipe mkataba." Delmar akamweleza habari ya jiko. Tume ya Washington ilikuwa na barua ya kubadilisha jina lakini haikutaja bei, benki ilikwisha kutupa vitabu vya mwaka 1959, mchungaji aliyeshuhudia alikuwa amefariki, na duniani ilibaki nakala moja tu, kama ilibaki, nayo ilikuwa Braddon. Bwana Weyer alipolijua hilo alisema, "Ni maili thelathini na moja, Delmar, si Norwei ya babu zako." Delmar akasema, "Norwei ningekwenda."

Alikwenda. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1981, Bwana Weyer akiendesha, na kwa kuwa Verna na Bwana Weyer wote waliyasikia na wote wanayasimulia sawa, tunaweza kuyasoma yalivyokuwa. Orlin alifungua mlango akasimama hapohapo. "Unataka nini?" alisema. "Karatasi," Delmar akasema. "Karatasi gani?" "Ya mwaka hamsini na tisa." "Yako iko wapi?" "Niliichoma." Orlin akauliza, "Kwenye jiko gani?" "La mama." Orlin akasema, "Lile jiko halikuwahi kuwaka vizuri," akawatazama wote wawili, kisha akasema, "Ingieni basi, mnapoza nyumba."

Karatasi ilikuwapo, ndani ya droo ya vijiko, katika bahasha. Verna alisema, "Shemeji, kaa," naye akakaa, na Orlin akaiweka karatasi mezani lakini akaiwekea kidole, akasema haitatoka nyumbani mwake, iwe kwa mashine ya fotokopi ya maktaba au kwa rais mwenyewe, anayeitaka atainakili hapahapa. Bwana Weyer aliinakili neno kwa neno, Orlin akatia sahihi kuthibitisha, kazi ikaisha, na Delmar akasema, "Asante," na Orlin akasema, "Umezeeka," na Delmar akasema, "Na wewe," na hapo Verna akamimina kahawa, kwa sababu aliona kwamba wasipopewa vikombe wataondoka.

Nakala ile ilitosha. Sheria haikudai chochote zaidi, si mwaka ule wala miaka iliyofuata. Lakini mwezi Machi 1982 Delmar alimpigia simu Bwana Weyer, akamuuliza, "Si itabidi niitazame tena ile karatasi, kabla ya ritani?" na Bwana Weyer, ambaye kwa miaka yote ya kazi yake hakuwahi kumdanganya mteja, alisema, "Itabidi. Kila mwaka, hadi miezi sitini iishe." Ametuomba tuseme hili kanisani, na ametuomba tuseme pia kwamba hajatubu.

Basi kila Machi, Jumamosi moja, Delmar alikwenda Braddon, mara ya kwanza na mhasibu na mara nne zilizofuata peke yake. Orlin alikuwa ameitoa bahasha tayari. Delmar alivua kofia, akavaa miwani, akaisoma karatasi yote, tangu tarehe hadi sahihi, akasema, "Bado iko sawa," Orlin akairudisha kwenye droo, na hapo kazi ya serikali ilikuwa imekwisha, dakika nne au tano, na waliobaki mezani walikuwa ndugu wawili wenye saa tatu mbele yao. Waliongea juu ya soya, barafu ya ziwani, nani amefariki, na malori ya kampuni mpya ambayo madereva wake hawajui kupunguza mwendo kwenye daraja la pili. Orlin alimtania kwa mkoba wake, "Umekuja nao tena huo? Una nini ndani, sandwichi?" na kwa kweli ndani kulikuwa na sandwichi, mbili, kwa sababu Delmar hakutaka kuonekana amekuja kula. Verna aliwapa lefse, mkate wetu mwembamba wa viazi, wakapaka siagi na sukari kama walivyofanya utotoni. Kuhusu kikao cha Fargo hawakusema neno, hata mara moja, na Verna anasema kulikuwa na nyakati ambapo mmoja wao alivuta pumzi kama anayetaka kuanza, mwingine akainuka kuongeza kuni.

Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 15 Machi 1986, kwa ajili ya miezi sita ya mwisho, Januari hadi Juni ya mwaka uliotangulia. Delmar aliisoma karatasi, akasema, "Bado iko sawa," kisha akaongeza, "Miezi imekwisha." Orlin akasema, "Sitini?" Delmar akasema, "Sitini." Orlin akasema, "Imekwenda haraka," na alipomsindikiza hadi garini alisimama kwenye theluji akiwa na soksi, bila viatu, hadi gari lilipopotea, na Verna akamwita mara mbili.

Machi 1987, Jumamosi ya kwanza, Orlin aliitoa bahasha akaiweka mezani. Jumamosi ya pili akaitoa tena. Verna akamwambia, "Mpigie simu, mwambie aje." Orlin akasema, "Nimwite kwa lipi? Anayeihitaji karatasi ni yeye." Jumamosi ya tatu na ya nne aliitoa pia, akakaa upande wa dirisha, na Aprili ilipoingia akairudisha kwenye droo ya vijiko. Alifariki ghafla, kwa moyo, kazini kwake, tarehe 2 Oktoba 1987. Katika mazishi Delmar aliketi benchi la mwisho, na Verna alipomwendea na ile bahasha, alitikisa kichwa, akasema, "Alisema isitoke nyumbani."

Delmar alifunga kazi yake tarehe 30 Juni 1988, malori mawili yaliyobaki akayauza, leseni akaiondoa ukutani na kuirudisha Washington kwa posta ya kawaida. Aliishi miaka ishirini zaidi. Alitoa sadaka, alisafisha theluji ya wajane wa mtaa wake kabla hawajaamka, aliketi benchi lilelile la kanisa hili, upande wa ukuta, na kwa karamu za kanisa alileta viazi na nyama vya kuoka ambavyo alijifunza kutoka pembeni mwa gazeti, akaweka sahani mezani na kwenda nyumbani. Marit alipohamia Elvstad kufundisha darasa la tatu alianza kumtembelea kila Alhamisi, na ilimchukua baba yake mkubwa miaka miwili kuacha kumuuliza kama kuna jambo lililomleta.

Tarehe 8 Januari 2004 alianguka kwenye barafu na kuvunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na mwezi Mei 2005 akahamia nyumba ya kulelea wazee, chumba cha nne upande wa mashariki. Moyo ulianza kuchoka mwaka 2007. Alhamisi moja ya mwaka huo, mwezi wa Machi, akiwa na nguvu kidogo, alimwambia Marit, bila kuulizwa, kwamba Jumamosi zote nne za Machi 1987 alivaa koti, akavaa kofia, akaketi garini na injini ikiwaka, mlango wa gereji ukiwa wazi, na kila mara akakaa nusu saa, akazima, akarudi ndani.

Marit akamuuliza, "Kwa nini hukwenda, baba mkubwa?"

Akasema, "Angeniuliza nimekuja kwa ajili ya nini."

Marit akasema, "Ungemwambia umekuja kunywa kahawa."

Delmar akalitazama dirisha, akasema, "Kahawa nilikuwa nayo nyumbani."

Afya yake ilidhoofika tangu Novemba mwaka jana, hamu ya chakula ikapungua, na Jumatatu, tarehe 19 Januari 2009, saa kumi na dakika ishirini alasiri, moyo wake ulisimama, akiwa na umri wa miaka themanini na sita, miezi kumi na moja na siku nane, Marit akiwa upande mmoja wa kitanda na Verna, mwenye miaka themanini, upande mwingine, akimshika mkono.

Familia inamshukuru daktari aliyemtibu moyo na hakumficha lolote, wauguzi wa chumba cha nne ambao walikubali kunyamaza naye, Wendell Aasen na madereva wote waliopita njia ya Fargo, Bwana Norbert Weyer kwa hesabu zake na kwa ule uongo mmoja, majirani waliochota theluji mlangoni kwake alipokuwa hawezi tena kuchota milangoni kwao, na akina mama wa kanisa walioamka alfajiri kuandaa chakula kilichoko chini.

Ardhi bado ni ngumu kama chuma, kwa hiyo mwili utahifadhiwa, na mazishi yatafanyika Jumamosi, tarehe 25 Aprili, saa tano asubuhi, ambapo Delmar atalala kati ya Arlys na mtoto wao Paul. Tangazo halitatumwa tena. Kwa sasa shukeni ukumbini, kahawa iko tayari, na kama humo ndani yuko mtu ambaye hamjasalimiana kwa siku nyingi, meza ni ndefu, kaeni karibu naye, na akiuliza mmefuata nini mwambieni mmemfuata yeye.

Delmar, Bwana akupe utulivu, na huko uliko, ingia bila kueleza umekuja kufanya nini.